Namna ya Kuchagua Programu ya Ubingwa wa Magonjwa ya Akili: Mwongozo kwa Madaktari Vijana wa Kigoma

Daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji huonwa na mwalimu wake kila anaposhika kisu, kwa kuwa wote wawili wamesimama kando ya meza moja. Anayesomea magonjwa ya akili hufanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa mlango, akiwa na mgonjwa na pengine ndugu mmoja aliyemleta. Chombo chake kikuu ni mazungumzo, na hakuna picha ya eksirei wala kipimo cha damu kitakachomjulisha mwalimu baadaye kwamba mazungumzo hayo yaliendeshwa vibaya. Ndiyo maana madaktari tarajali wanaponiuliza hapa Kigoma wakasome chuo gani, siwatajii chuo kwanza. Nawataka watafute jibu la swali moja: huko uendako, nani atakaa nawe unapomhoji mgonjwa, na nani atakaa nawe baada ya mgonjwa kuondoka?

Mimi sikuuliza swali hilo. Nilichagua kwa jina la chuo, na kwa kuwa shangazi yangu aliishi katika mji ule na alikuwa na chumba cha kunipa. Nikapitisha miezi minne ya mwaka wa kwanza bila bingwa yeyote kuniona nikimhoji mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho. Asubuhi niliwasilisha taarifa, taarifa zikapokelewa, nami nikadhani mambo ni mazuri. Kumbe nilikuwa na kosa la kukimbilia kumuuliza mgonjwa kuhusu sauti anazosikia kabla sijamuuliza amelalaje, amekula nini na nani amemleta, na wagonjwa wengi walifunga mdomo papo hapo kwa kuona ninatafuta wazimu wao. Kosa hilo lilinikaa hadi mwaka wa pili, alipolibaini bingwa mgeni aliyekuja kutufundisha kwa wiki mbili tu.

Anza na wagonjwa utakaorudi kuwatibu

Kabla ya kufungua tangazo lolote la udahili, kaa wiki mbili katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali uliyopo, iwe Maweni hapa Kigoma au Kitete kule Tabora, na uandike kila siku ni wagonjwa wa aina gani wanaokuja. Usitumie majina, andika tatizo, umri, wilaya anayotoka na muda aliougua kabla ya kufika hospitali. Utashangazwa na mambo mawili.

La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya foleni ni watu wenye kifafa, kwa sababu katika nchi yetu kifafa hufuatiliwa kwenye kliniki za afya ya akili, ijapokuwa ni ugonjwa wa ubongo ambao kwingineko ungepelekwa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. La pili ni kwamba wengi wanaoletwa wakiwa wamechanganyikiwa ghafla hawana ugonjwa wa akili kwa maana ya kawaida. Wana malaria kali, maambukizi katika ubongo, matatizo yatokanayo na Virusi vya UKIMWI, sukari iliyoshuka, au wameacha pombe ghafla baada ya miaka ya kuinywa kila siku. Bingwa atakayefanya kazi mkoani lazima aweze kuyatambua haya akiwa peke yake usiku. Kwa hiyo programu inayokufundisha ndani ya hospitali kuu yenye wodi za magonjwa ya ndani, wajawazito na upasuaji, na inayokutuma kwenye wodi hizo kuwaona wagonjwa unapoitwa, ina thamani kubwa kwako kuliko ile inayokuweka miaka yote ndani ya uzio wa hospitali ya magonjwa ya akili pekee.

Kigoma ina jambo jingine. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Watu waliokimbia vita wakiwa watoto sasa ni wazazi, na wamo miongoni mwa wagonjwa wetu wenye sonona, hofu na kiwewe kisichoisha. Vidonge peke yake haviwatoshi. Uliza, basi, kama programu inafundisha tiba ya mazungumzo kwa vitendo: kuwa na mgonjwa yuleyule kwa wiki nyingi mfululizo, huku msimamizi akipitia nawe kila kikao. Mihadhara kuhusu tiba hiyo nimeiona katika kila mtaala niliowahi kuusoma, lakini msimamizi wa kupitia vikao ndiye adimu.

Usimamizi: jinsi ya kupata ukweli

Mkuu wa idara akikupokea vizuri na kukueleza mipango ya idara yake, mshukuru, kisha uwatafute wanafunzi. Nashauri uzungumze na wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza bado anafurahia kuchaguliwa, na wa mwaka wa tatu akili yake yote iko kwenye tasnifu. Wa mwaka wa pili amekwishaona zamu za usiku, amekwishazunguka karibu vitengo vyote, na bado ana muda mrefu mbele unaomfanya ayajali mambo yalivyo. Zungumza na wawili au watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa simu ya sauti badala ya ujumbe wa maandishi, kwa kuwa watu huogopa kuandika yale ambayo wangeyasema.

Usimuulize kama usimamizi ni mzuri. Atasema ni mzuri, kwa adabu. Muulize ni lini mara ya mwisho bingwa alikaa chumbani akimwangalia anavyomhoji mgonjwa, na baada ya hapo alimwambia nini. Muulize kama kuna saa maalumu katika juma aliyotengewa yeye na msimamizi wake, na kama saa hiyo huheshimiwa au huliwa na vikao vingine. Muulize akiwa zamu saa nane usiku, ameletewa mtu mwenye fujo aliyefungwa kamba na ndugu zake, anampigia nani simu, na je, simu hiyo hupokelewa. Mwenye jibu zuri hulitoa bila kufikiri, pamoja na jina la mtu na kisa. Akinyamaza kidogo, kisha akaanza kukueleza jinsi mabingwa walivyo na kazi nyingi, umekwishajibiwa.

Idadi nayo ina maana, lakini isomwe kwa uwiano. Idara yenye mabingwa watano na wanafunzi wanne itakulea kuliko yenye mabingwa kumi na wanafunzi thelathini. Hakikisha pia kwamba mabingwa wanaoorodheshwa wapo kweli, kwa sababu wengine huwa masomoni, wizarani au kwenye miradi ya utafiti, na majina yao hubaki ukutani.

Vyuo vya nchini na hospitali zinazotumika kufundishia

Chuo kinachojulikana zaidi ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako ubingwa huu husomwa kwa miaka mitatu na mwanafunzi hufanya utafiti na kuandika tasnifu. Orodha ya vyuo vingine vinavyotoa ubingwa huu hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la udahili la mwaka husika, kisha uhakikishe mambo mawili: kwamba programu imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kwamba Baraza la Madaktari Tanganyika litakuandikisha kuwa bingwa utakapoimaliza. Nimemwona kijana aliyelitazama la kwanza tu, akahangaika baadaye na la pili.

Ukishajua chuo, tazama hospitali na kliniki zake, maana ndizo zitakazokufundisha. Muhimbili ndipo kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara ilipofunguliwa Februari 2011 kwa ajili ya waraibu wa heroini, na mtu anayetaka kuielewa tiba ya uraibu kwa kina atajifunza mengi katika mazingira ya namna hiyo. Dodoma kuna Hospitali ya Mirembe, ambayo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, pamoja na Isanga, wanakopelekwa washtakiwa na wafungwa wenye ugonjwa wa akili.

Jambo la Isanga hupuuzwa na waombaji wengi, nami nalisisitiza. Utakaporudi mkoani, mahakama itakuandikia ikitaka kujua kama mshtakiwa alikuwa na akili timamu alipotenda kosa, na kama anaweza kufuatilia kesi yake sasa. Polisi nao watakuletea mtu aliyejaribu kujiua, ambaye wewe unamwona ni mgonjwa anayehitaji kulazwa, lakini Kanuni ya Adhabu inahesabu tendo lake kuwa kosa. Kuna pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoeleza mtu anavyoweza kulazwa bila ridhaa yake na haki anazobaki nazo. Kuandika taarifa ya mahakama hakujifunzwi siku unapoletewa barua ya hakimu. Kwa hiyo, popote utakapoomba, uliza ni wiki ngapi mwanafunzi hukaa katika kitengo cha wagonjwa wenye kesi, na ameandika taarifa ngapi za mahakama chini ya uangalizi wa bingwa. Uliza vivyo hivyo kuhusu watoto na vijana. Idara isiyo na kitengo cha watoto iwe angalau na makubaliano ya kukupeleka kwingine.

Ukirudi hapa hutaweza kumwona kila mgonjwa wa Kakonko, Buhigwe na Uvinza. Utalazimika kuwafundisha matabibu na wauguzi wa vituo vya afya waweze kumwanzishia dawa mtu mwenye sonona au kifafa na kujua ni yupi wa kupewa rufaa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao mhGAP kwa kazi hiyohiyo ya kuwawezesha wahudumu wasio mabingwa. Programu inayowatoa wanafunzi wake kwenda wilayani kufundisha na kusimamia inakuandaa kwa kazi yako halisi.

Lugha ya mgonjwa, na vyuo vya majirani

Baadhi yenu mtapenda kusoma nje ya nchi. Kampala kuna Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Butabika. Nairobi kuna chuo kikuu chake na Hospitali ya Mathari. Kigali kuna Chuo Kikuu cha Rwanda na Hospitali ya Ndera. Zote ni sehemu zenye wagonjwa wengi na historia ndefu ya kazi hii, na mtu hawezi kukosea sana kwa kuzifikiria.

Lakini katika fani yetu lugha ni sehemu ya uchunguzi. Daktari wa mifupa anaweza kumtibu mgonjwa asiyeelewana naye kwa msaada wa muuguzi anayetafsiri maneno kumi. Wewe unatakiwa kusikia kama maneno ya mgonjwa yameunganika au yamekatika, kama anatania au anamaanisha, kama anaposema amerogwa anazungumza imani ya kawaida ya kijijini kwao ambayo hata jirani yake mzima anayo, au amekwenda mbali kuliko jamii yake inavyoamini. Mkalimani mwenye nia njema husahihisha maneno yaliyokatika kabla hayajakufikia, na dalili uliyokuwa ukiitafuta hupotea hapo.

Hapa mzaliwa wa Kigoma anayesema Kiha ana faida ambayo wengi hawaifikirii. Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za kundi moja, na msemaji wa moja huisikia nyingine kwa juhudi ndogo. Daktari Muha akisoma Kigali atafika kwa mgonjwa wa Ndera haraka kuliko atakavyomfikia mgonjwa wa Butabika anayesema Kiganda, na akirudi nyumbani ataweza kuongea na Mrundi kambini bila mtu wa kati. Nairobi utafanya kazi yako kwa Kiswahili na Kiingereza, jambo jema pia. Sisemi uchague kwa lugha peke yake. Nasema uihesabu, kwa kuwa miaka mitatu ya kuwahoji watu kupitia mkalimani hukupa cheti kamili na sikio nusu.

Unaporudi na shahada ya nje, Tume ya Vyuo Vikuu huitathmini kabla ya kuitambua, hivyo tunza mtaala, matokeo na kumbukumbu za vitengo ulivyopitia.

Marekani na Uingereza kwa kifupi

Tofauti kubwa ni kwamba kule mafunzo ya ubingwa ni ajira yenye mshahara, ilhali kwetu ni masomo yenye ada. Marekani ubingwa wa magonjwa ya akili huchukua miaka minne. Aliyesoma udaktari nje ya Marekani hufanya kwanza mitihani ya USMLE, yaani ya leseni ya udaktari ya Marekani, na kupata cheti cha ECFMG kinachothibitisha sifa za waliosomea nje, kisha huomba katika programu nyingi kwa pamoja na kuhojiwa, siku hizi mara nyingi kwa video. Mwishoni mwombaji huorodhesha programu kwa mpangilio wa anavyozipenda, programu nazo huwaorodhesha waombaji, na kompyuta huwaunganisha. Matokeo hutoka Ijumaa ya tatu ya mwezi Machi. Wengi hudhani ni busara kuitanguliza programu wanayoamini itawachukua. Si kweli. Utaratibu unaotumika tangu mwaka 1998 umejengwa kwa namna ambayo mwombaji hanufaiki kwa kuficha anachokipenda, hivyo weka ya kwanza ile unayoitaka kwelikweli. Uangalie pia aina ya viza: mwenye viza ya J-1, ile ya wageni wa mafunzo na kubadilishana, hutakiwa kurudi kwao kwa miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa apate msamaha wa sharti hilo.

Uingereza ni miaka mitatu ya msingi na mingine mitatu ya juu, na katikati yake kuna mitihani ya MRCPsych, yaani ya uanachama wa chuo cha kifalme cha mabingwa wa magonjwa ya akili.

Maswali niliyoyataja juu ya usimamizi huulizwa huko vilevile, neno kwa neno.

Swali ambalo waombaji hawaliulizi

Katika miaka ya mafunzo yako, mgonjwa uliyemtibu anaweza kujiua. Huwapata madaktari makini na wazembe, na anayedhani halitampata hajajiandaa. Kwa hiyo waulize wale wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa upole na bila kudai majina: mara ya mwisho idara ilipompoteza mgonjwa kwa njia hiyo, daktari kijana aliyekuwa akimtibu alifanyiwa nini?

Idara nzuri itakuwa na la kueleza. Bingwa aliketi naye siku ileile. Walikwenda pamoja kuwapa ndugu pole, hakuachwa aende peke yake. Alipunguziwa zamu kwa siku chache. Baada ya wiki kadhaa kilifanyika kikao cha kupitia yaliyotokea, kwa lengo la kujifunza na bila kutafuta wa kubebeshwa lawama. Ukijibiwa kwamba jambo hilo halijawahi kutokea hapo, ujue hakuna aliyewahi kuulizwa. Ukijibiwa kwamba daktari yule aliitwa kujieleza kwa maandishi, na siku ya pili akarudi wodini kama kawaida, mimi ningetafuta chuo kingine hata kama hicho ndicho chenye jina kuliko vyote. Namfahamu daktari hodari aliyeiacha fani hii baada ya kifo cha namna hiyo, na ninaamini hangeiacha kama mtu mmoja tu mwenye uzoefu angemketisha na kumsikiliza.

Uliza pia kama mwanafunzi anayelemewa anaweza kupata mshauri nje ya idara, mtu ambaye si mtahini wake.

Ada, ruhusa na tasnifu

Gharama usizihesabu kwa ada pekee. Weka kodi ya nyumba, gharama za utafiti, nauli ya kurudi kuona familia, na matunzo ya wazazi wanaokutegemea, kisha ndipo ulinganishe Dar es Salaam na kwingine. Ufadhili wa Wizara ya Afya upo, na unapoupata usome mkataba hadi mwisho, hasa sehemu inayosema utatumikia miaka mingapi na wapi. Shangazi mwenye chumba ni msaada mkubwa, nami simbezi. Ila awe sababu ya tatu au ya nne.

Kuhusu tasnifu, uliza ni wanafunzi wangapi wa miaka mitatu iliyopita waliomaliza kwa wakati, na waliochelewa walikwama wapi. Mara nyingi hukwama kwenye kibali cha maadili ya utafiti au kwa msimamizi asiyerudisha rasimu. Nenda ukiwa na mada inayoweza kujibiwa kwa wagonjwa wanaopatikana hapo chuoni.

Ukiweza, omba ruhusa ya kukaa siku tatu katika idara unayoifikiria, ukifuata raundi za wodini na kukaa nyuma kliniki. Tazama jinsi mabingwa wanavyozungumza na wauguzi na jinsi mgonjwa mwenye fujo anavyotulizwa: kama kuna mtu anayejaribu kwanza kuongea naye, au sindano na kamba ndivyo hutangulia. Utakavyowaona wakifanya ndivyo nawe utakavyofanya, kwa kuwa desturi za wodi humwingia mwanafunzi bila yeye kujua.

Mwisho ni karatasi. Kama umeajiriwa na halmashauri, barua yako ya ruhusa itapita kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa mkurugenzi, na itakwenda kwa urahisi ikiwa jina lako liko kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Mpango huo huandaliwa mapema, wakati matangazo ya udahili bado hayajatoka. Andika barua hiyo sasa, hata kama hujaamua chuo.